Kongoni wa Arobaini

Saa kumi na mbili na robo asubuhi karani wa lango la hifadhi alifungua daftari jipya, akalibonyeza mgongo ili lilale wazi, kisha akapiga mhuri kwenye ukurasa wa kwanza kuona kama wino umekolea. Ulikuwa umekolea. Akapiga mara ya pili kwa raha zake tu. Daftari lilikuwa na safu tatu zilizochapwa na makao makuu: Wageni, Watumishi, Wanyama. Safu ya tatu iliwekwa kwa sababu nyani na ngiri walikuwa na mazoea ya kupita langoni kama watu wengine, na makao makuu yalitaka kujua ni wangapi. Kurasa zilipigwa namba kuanzia moja hadi mia mbili. Ndani ya jalada palikuwa na onyo kwamba kilichoandikwa humo hakifutwi, hakichanwi wala hakisahihishwi bila barua.

Karani alilipenda daftari lile kuliko mtu yeyote aliyewahi kupita mbele yake. Alikuwa mnene wa kiuno na mwembamba wa mawazo, mwenye miaka kumi na tisa kazini, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuingia hifadhini kupita choo kilicho nyuma ya kibanda chake. Tembo alimfahamu kwa picha ya kalenda. Lakini ukimuuliza kazi yake, angekujibu kwamba analinda wanyama.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, kwa hiyo Mama Alhamisi alikuwa amekwisha fika. Jina hilo alipewa hapo hapo langoni. Alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, na kila Alhamisi alikuja kwa miguu na jembe lililofungwa kwenye gunia, akienda kupalilia kaburi la mumewe, ambalo lilikuwa ndani, mwendo wa saa nzima kutoka langoni. Kaburi halikuhamia huko. Mume alizikwa nyuma ya nyumba yake. Miaka mitatu baadaye wapimaji wakaja na vigingi, mpaka wa hifadhi ukasogea kilomita tisa, na kijiji kikaambiwa kipishe. Walio hai walipisha. Kwenye ramani wanayouziwa wageni, kijiji kile sasa kinaitwa Uwanda wa Kongoni, na jiwe la kusagia la mama huyu limewekewa kibao kinachosema ni jiwe la kale lisilojulikana asili yake. Mwenyewe alikuwa anaijua asili yake vizuri sana, kwa kuwa alilibadilisha kwa mbuzi wawili, lakini hakuna aliyemuuliza.

Karani wa kabla ya huyu alikuwa akimwachia apite bila kumwandika popote, na huyu akaifuata desturi hiyo. Daftari la zamani halikuwa na makuu. Hili jipya lilitaka kila anayepita awe na mstari wake.

"Shikamoo, mama," karani alisema.

"Marahaba. Fungua, mwanangu, jua litanikuta njiani."

"Leo siwezi kukufungulia hivi hivi. Nikuandike wapi? Mgeni?"

"Mgeni wa nani? Nimezaa humo."

"Basi mtumishi."

"Namtumikia nani?"

"Mama, si ukate tiketi tu yaishe? Binti yako fundi, hawezi kushindwa kukulipia."

"Tiketi ya kwenda kwangu? Wewe ukirudi kwako jioni, mkeo anakukatia tiketi mlangoni?"

Karani hakupenda mkewe aingizwe kwenye mambo ya kazi. Nyuma ya mama magari matano ya wageni yalikuwa yamepanga foleni, na dereva wa gari la kwanza akapiga honi. Sasa, karani huyu alikuwa na tabia moja ambayo wakubwa wake waliwahi kuisifu kwa maandishi wakiiita ubunifu: akibanwa, aliandika chochote ili mradi mstari ujae. Aliinama, akaandika kwenye safu ya tatu: Mmoja. Jike. Mzima. Ameingia kwa miguu. Wanyama hawakati tiketi. Akapiga mhuri, akainua kizuizi.

"Umeniandika wapi?"

"Pazuri. Pita, pita."

Mama Alhamisi alimshukuru na kumwombea heri na watoto wake. Katika habari hii yote, hilo ndilo linaloudhi kuliko mengine.

Alirudi saa kumi jioni, jembe begani, viatu mkononi. Viatu alivivua kwa sababu havikumwenea tena: kuanzia kwenye vifundo kwenda chini alikuwa na kwato, nyeusi, safi, zilizopasuka katikati. Alisema zilianza kumwasha alipokuwa akipalilia upande wa kichwani mwa kaburi, akadhani ni siafu. Karani aliziangalia kwato, akaliangalia daftari. Vilikubaliana. Alipata ile raha ambayo mvivu huipata kazi inapojimaliza yenyewe.

"Haya, fungua nitoke. Nimeacha nguo kwenye kamba."

"Kutoka hutoki, mama. Mnyama hatoki hifadhini bila barua ya uhamisho. Hata digidigi."

"Mimi ndiye digidigi?"

"Sijasema digidigi. Aina yako bado haijaandikwa. Wataalamu watakuja kuangalia."

Alikaa kwenye benchi ya wageni mpaka lango likafungwa. Kisha akasimama, akajikung'uta vumbi, akasema, "Basi nitalala kwangu," na akageuka kurudi alikotoka, kwato zikigonga changarawe. Karani aliona kwamba amelipokea jambo lile kiutu uzima.

Kesho yake binti alikuja. Alikuwa fundi wa cherehani katika safu ya maduka iliyoota mbele ya lango, mwenye mimba ya miezi mitano, na mumewe mwashi alikuwa kwenye ujenzi mbali. Yeye na mama yake walikuwa wakiishi vyumba viwili nyuma ya duka. Suruali zote za kazi za karani zilipita mikononi mwake, kila mwaka akizitanua kiuno, hivyo alimjua mtu huyu kwa vipimo.

"Kaka, futa."

"Dada yangu, daftari hili halifutwi."

"Basi kata mstari juu, uandike pembeni kwamba ulikosea."

"Ndiko kufuta huko huko. Aliyenitangulia alifuta ngiri mmoja akaandika mgeni. Yuko wapi leo?"

"Ana duka la rangi sokoni. Amenawiri."

"Lakini hana pensheni," karani alisema.

"Kwa hiyo mama yangu alale porini kwa ajili ya pensheni yako."

"Amelala kwake. Kasema mwenyewe, kwa kinywa chake, na mlinzi amesikia."

Binti alimtazama kiuno, akakumbuka kwamba alikuwa na suruali yake moja dukani, na akaamua kuishona kwa vipimo vya mwaka juzi. Kisha akaenda kumwona mhifadhi mkuu.

Mhifadhi mkuu alikuwa na zulia, feni, fuvu la nyati na vyeti sita vya mikutano ya nje kuhusu kuishirikisha jamii. Jamii yenyewe ilipokuja alikuwa akiipokea vizuri sana. Alimpa binti kiti, akamwagizia maji, akamsikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande. Kwa miaka mingi alikuwa akiwapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa, mpaka akasahau kuwa kuna chupa. Wataalamu walikuwa wamekwisha fika asubuhi ile, alisema, na jibu lilikuwa mezani: kongoni, jike, mtu mzima. Hakuficha furaha yake. Wafadhili walitaka kundi la kongoni lifike arobaini kabla ya mwisho wa mwaka, na kwa miaka miwili walikuwa wamekwama kwenye thelathini na tisa.

"Binti, hebu litazame jambo hili kwa upande wa pili," alisema. "Mama yako sasa analindwa na sheria tatu za nchi na mkataba mmoja wa kimataifa. Akijikwaa, tunamletea daktari kwa ndege. Mwaka jana alipoumwa mguu, nani alimletea daktari?"

"Mimi."

"Kwa ndege?"

"Kwa baiskeli."

"Umeona sasa?"

Binti alisema yeye hataki ndege, anataka mama yake atoke. Mtoto anakuja, na mama ndiye wa kumpokea, hana mwingine. Mhifadhi akamshauri aandike barua makao makuu, kwa kuwa yeye mwenyewe, kwa masikitiko makubwa, mikono yake ilikuwa imefungwa. Aliionyesha mikono hiyo. Ilikuwa laini na haikuwa na kazi yoyote siku hiyo.

Binti akaandika barua, na kila Alhamisi saa kumi jioni akawa anakwenda kwenye uzio, ambao ulipita nyuma ya maduka. Mama yake alikuja upande wa pili. Mwezi wa kwanza alikuwa bado amevaa gauni lake, ingawa masikio yalikuwa yameshapanda na mkia ulilisumbua pindo. Gauni lilipochanwa na miiba, binti alimshonea jingine la mikono minne, lenye vifungo mgongoni na tundu la mkia lililozungushiwa utepe. Lilikuwa gauni zuri, labda zuri kuliko yote aliyowahi kushona. Mama alilivaa siku mbili. Siku ya tatu askari wakamvua, kwa sababu mgeni mmoja alilalamika kwamba amesafiri mbali kuja kuona wanyama wa porini na siyo maonyesho.

"Unakula nini, mama?"

"Nakula nilichokuwa nakipalilia. Miaka yote nakitupa, kumbe kitamu."

"Wanakusumbua?"

"Simba hawana neno, tumeshajuana. Wageni ndio wananichosha. Watu wale hawana haya, mwanangu. Nikiinama, picha. Nikijisaidia, picha, na dereva anawaeleza."

Walicheka wote wawili. Kisha mama akasogeza uso, ambao ulikuwa umeanza kurefuka, karibu kabisa na nyaya.

"Mtoto anacheza?"

"Anapiga mateke usiku kucha."

"Ndivyo ulivyokuwa wewe. Mimi ndiye nitakayemwogesha, umesikia? Usimpe jirani. Waambie hao watu wafanye haraka, sauti inaniponyoka. Jana nilimwita baba yako, ikatoka chafya."

"Wamesema barua iko njiani."

"Barua gani inayotembea polepole kuliko mimba?" mama alisema.

Hilo halikuwa swali gumu. Barua ilikuwa imekaa makao makuu kwenye trei yenye maandishi Haraka, chini ya barua nyingine za haraka. Wiki ya kumi mhifadhi akatoa tangazo kwamba kuzungumza na wanyama kunawaharibia tabia, na kwamba hakuna mtu kusogelea uzio kwa mita hamsini. Cherehani ya binti ilikuwa mita arobaini na nane kutoka kwenye uzio. Akalazimika kuihamishia barazani mbele ya duka, akawa anashona huku ameupa mgongo uwanda wote, na siku za Alhamisi saa kumi alikuwa akisimama tu, mkono kiunoni, akisikiliza. Wiki ya kumi na moja alisikia jina lake likiitwa mara moja. Ya kumi na mbili alisikia nusu ya jina. Baada ya hapo zilikuwa chafya, na aliumia kwa kila moja, kwa sababu alijua inamwita yeye.

Jibu lilifika mimba ikiwa ya miezi tisa. Karani alilisoma kwa sauti, amesimama, kama anayesoma habari njema. Makao makuu yalikubali kwamba huenda kosa la kiuandishi limetokea. Marekebisho yangeruhusiwa, kwa sharti kwamba mhusika mwenyewe afike langoni, ataje jina lake mbele ya karani, na atie kwenye fomu sahihi yake au alama ya dole gumba la mkono wa kulia.

Alhamisi iliyofuata karani alitoa meza nje, akatandika gazeti, akapanga fomu, kalamu na pedi ya wino. Alivaa suruali iliyopigwa pasi ambayo ilimbana isivyo kawaida. Saa mbili kamili mhusika alifika peke yake, akipita katikati ya swala bila kuwatazama. Alikuwa kongoni mzima sasa, mwenye uso mrefu, pembe zilizojikunja na manyoya ya rangi ya mchanga mkavu. Alisimama ndani ya kizuizi. Binti alisimama nje yake, tumbo likigusa chuma. Magari ya wageni yalizuiwa kwa muda, na wageni hawakulalamika, maana kongoni alikuwa karibu sana.

"Jina la mhusika?" karani aliuliza.

Kongoni akafungua mdomo. Ikatoka chafya. Karani, ambaye alitaka ionekane kwamba ametenda haki, alisubiri dakika nzima kwa saa ya mkononi.

"Jaribu tena, mama."

Safari hii chafya ilikuwa ndefu zaidi, na katikati yake palikuwa na kitu kilichojikunja, kinachotaka kutoka na kukosa njia.

"Amelitaja," binti alisema.

"Mimi sijalisikia."

"Mimi nimelisikia."

"Wewe si mhusika, dada." Karani akaandika: Mhusika hakujibu. Kisha akasogeza pedi ya wino. "Twende kwenye dole."

Binti alipiga magoti kwa shida, akaupokea mguu wa mbele wa mama yake chini ya kizuizi, upande wa kulia, akaufuta vumbi kwa kiganja, akaukandamiza kwenye wino na kisha kwenye fomu. Alama ilitoka vizuri, nusu mbili, bila doa. Karani akaiinua juu kwenye mwanga, akaigeuza huku na huku.

"Hili si dole gumba."

"Ndicho alicho nacho."

"Fomu inasema dole."

"Kaka, unamjua huyu. Umemwita mama sasa hivi."

"Hiyo ni heshima tu, siyo kitambulisho."

"Basi nimtilie mimi sahihi. Mimi ni mwanawe."

Karani akashusha sauti, kwa wema. "Ukimtilia sahihi mnyamapori, umekiri kwamba unamiliki mnyamapori. Hiyo ni kesi, dada, tena haina dhamana. Unataka ukajifungulie jela?"

Ndipo binti akalia. Hakuwa amelia miezi yote ile, na sasa alilia kwa hasira, mdomo wazi, mbele ya magari matano, mikono yake ikiwa na wino. Kongoni alipitisha kichwa juu ya kizuizi, akaweka pua yake kwenye tumbo la mwanawe, akaiacha pale, na mtoto akapiga teke. Askari wawili wakaja wakawatenganisha kwa sababu za magonjwa. Karani alijisikia vibaya, na kama kawaida yake anapojisikia vibaya, akamimina chai.

Fomu ilirudishwa makao makuu, ambako alama ya ukwato ilipendwa sana. Mwezi uliofuata iliwekwa kwenye kofia za wageni.

Mtoto alizaliwa siku ya Jumanne, msichana, mwenye nywele nyingi. Jirani ndiye aliyemwogesha. Jirani huyo alikuwa na mikono mizuri na hakufanya kosa lolote, lakini binti alimtazama kwa chuki tangu mwanzo hadi mwisho, kisha akamwomba radhi.

Mtoto alipofikisha mwezi na nusu, binti alimvika, akamfunika, akaenda langoni asubuhi ya Alhamisi. Karani alikuwa amefika ukurasa wa tisini na sita.

"Unaingia kufanya nini, dada?"

"Kutazama wanyama," binti alisema, akaweka pesa ya tiketi mezani.

Uso wote wa karani uling'aa. Alikata tiketi, akapiga mhuri, akaandika safu ya kwanza. "Sasa hayo ndiyo maneno," alisema. "Mama yako angesema hivyo tangu mwanzo, tusingefika hapa." Kisha kalamu ikasimama. Alikuwa akimtazama mtoto, na macho yake yalikuwa yakitembea juu ya zile safu tatu, polepole, kutoka moja hadi nyingine. "Na huyu? Tiketi ya umri wake hakuna. Nimwandike wa..."

Binti akamkamata mkono wa kalamu. Mkono wa fundi wa cherehani una nguvu kuliko unavyoonekana.

"Mgeni," alisema. "Andika nikiona."

Hakumwachia mpaka herufi ya mwisho ilipokauka.

Kuingia kwa miguu hakukuruhusiwa tena, kwa hiyo alipewa kiti cha nyuma kwenye gari la wazi juu, pamoja na wageni sita wenye darubini, mafuta ya jua na kofia za ukwato. Dereva akawasomea masharti: kutoshuka, kutopiga kelele, kutolisha, kutogusa. Dereva huyu alizaliwa Uwanda wa Kongoni, nyumba ya tatu kutoka kwenye lile kaburi, na utotoni aliwahi kuchapwa na Mama Alhamisi kwa kuiba mapapai. Walipofika pale palipokuwa na nyumba yao alipunguza mwendo, akawaambia wageni kwamba uzuri wa eneo hili ni kuwa halijawahi kukaliwa na binadamu. Alisema hivyo mara mbili kwa siku na sauti yake haikutikisika. Alikuwa na watoto shuleni na alihitaji kazi, kama kila mtu katika habari hii.

Kongoni alikuwa amesimama juu ya kaburi. Kulizunguka pande zote nyasi zilikuwa zimekatwa chini kabisa, sawasawa, hata kwenye kona, hapana gugu moja. Dereva akazima injini.

"Kongoni hupenda kusimama juu ya vichuguu," alisema, "ili aone mbali, alinde wenzake. Huyu ni jike, umri umesogea kidogo. Hatujawahi kumwona na ndama."

"Ana mtoto," binti alisema.

Dereva alimtazama kwenye kioo. Walitazamana humo kwa muda mfupi, wakajuana, kisha yeye akarudi kwa wageni na kuendelea na habari za meno ya kongoni.

Binti akasimama. Alimfunua mtoto, akamnyanyua kwa mikono miwili juu ya bomba la kushikilia la gari, uso ukielekea kaburini, ili aonekane vizuri.

"Mama," alisema kwa sauti ya kawaida, ile ya chumba kimoja kwenda kingine. "Ni msichana. Ndiye huyu. Ana nywele zako."

Kongoni akainua kichwa. Masikio yakasimama. Akashuka kutoka juu ya kaburi, akapiga hatua moja, akasimama, akapiga nyingine. Mtoto alikuwa macho na alikuwa akipiga mateke hewani. Hatua ya saba ilikuwa karibu kiasi cha kusikika pumzi yake, na binti akaanza kuinamisha mikono nje ya gari, chini, kuelekea ile pua ndefu.

Mgeni aliyekaa naye kiti cha nyuma, mtu mstaarabu, alimgusa bega na kumwomba akae, kwa kuwa alikuwa amemziba.

Alikuwa bado amesimama simu ya upepo ilipokoroma. Chui ameonekana mtoni, juu ya mti, na yuko na windo. Dereva akageuka kuwauliza wageni: wabaki hapa, au waende? Wanaotaka chui wainue mikono. Mikono sita ikapanda. Binti hakuinua wake, kwa kuwa alikuwa amembeba mtoto, na dereva akahesabu, akawasha gari.

Kongoni alilifuata. Kwanza alitembea, kisha akakimbia, kwa ule mwendo wao wa kurukaruka, pembe juu, vumbi la gari likimwingia machoni, na hakuacha njia wala kupunguza. Alikuwa akipiga chafya moja baada ya nyingine. Binti alikuwa amegeuka nyuma kitini, amemwinua mtoto kwenye bega lake ili aendelee kuonekana, akisema, "Usikimbie, mama, rudi, usikimbie, utaumia." Wageni nao waligeuka, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile walifurahi kwelikweli. Dereva aliwaambia, na hapa alikuwa akisema kweli, kwamba kongoni hulikimbia gari, na kwamba katika miaka yake yote hajawahi kuona mmoja akilikimbilia.

Wakamwomba apunguze mwendo kidogo wapate picha zinazoonekana, halafu aongeze, wasije wakamkosa chui.

Akapunguza. Walipomaliza, akaongeza.